Cheti Ambacho Mama Rudisha Hakukirudisha

Ukitaka kujua kama daktari amepitia katika hospitali ile, usihangaike kumwomba shahada. Mtajie Mama Rudisha. Utamwona anakaa sawa kwenye kiti, anapapasa mfuko wa koti kutafuta kalamu, kisha anacheka peke yake kwa aibu, hata kama kichwa chake kimeshajaa mvi.

Mama Rudisha alikuwa mfamasia. Kwa miaka thelathini na moja alikaa nyuma ya dirisha moja la dawa, katika chumba chenye rafu za chuma, feni iliyogeuza shingo kwa kulalamika, mizani ya kupimia watoto, na msumari mrefu uliopigiliwa ukutani. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye karatasi za mshahara. Hili la Rudisha alipewa na madaktari, na msidhani walimpa kwa mapenzi. Walimpa kwa hasira, kwa sababu cheti cha dawa kikifika dirishani pake na upungufu wowote, kilirudi kilikotoka. Hakupiga kelele wala hakumsema mtu. Alimpa muuguzi ile karatasi na kumwambia, "Mrudishie aliyeandika. Uzito wa mtoto haupo, na mimi sipimi kwa macho." Basi, anamwita anayefuata.

Daktari mkuu wa sasa, mtu mzima mwenye kitambi na heshima zake, enzi za ujana wake aliwahi kurudishiwa cheti kimoja mara saba kwa asubuhi moja. Kwanza hakuandika umri. Akaandika umri, akasahau siku za kutumia dawa. Akaweka siku, ikaonekana hajasema inatibu nini. Mara ya sita aliulizwa kama mgonjwa ni mjamzito, akajibu kwa ukali kwamba hajui. Ya saba alishuka mwenyewe ngazi zote, jasho linamtoka, akaegemea dirisha na kufoka.

"Mama, kwani daktari hapa ni nani?"

"Ni wewe, mwanangu," Mama Rudisha alimjibu, miwani ikiwa ncha ya pua. "Ndiyo maana nakurudishia wewe. Ningekuwa ni mimi, ningejirudishia mwenyewe."

Kijana alipanda tena ngazi kwenda kumuuliza mgonjwa. Alikuwa mjamzito wa miezi mitatu, na dawa ile ingemharibu mtoto. Tangu siku hiyo hakumfokea tena Mama Rudisha, ingawa kununa alinuna sana.

Hata nyumbani hapakuwa na nafuu. Mume wake, fundi umeme mpole anayependa kuchekesha wageni, huwaambia watu kwamba yeye ndiye wa kwanza kurudishwa. Alipomwandikia barua ya kumwomba wafunge ndoa, barua ilirudi siku ya tatu na duara la kalamu nyekundu pembeni. Hakuwa ameweka tarehe. "Nikaweka," husema, "nikairudisha mbio kabla hajaona kosa jingine."

Kila Alhamisi, wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa nne waliletwa kwake, wakajibana kati ya rafu kwenye chumba kisichotosha watu sita. Aliwafundisha kwa vyeti vilivyochomekwa kwenye ule msumari. Majina ya wagonjwa ameyakata kwa mkasi, makosa ameyaacha.

"Kabla hujaandika dawa, umeshamwona mtu?" alikuwa akiwauliza.

"Tumemwona mgonjwa, mama."

"Mgonjwa nimesikia. Mtu je? Ana miaka mingapi? Kilo ngapi? Figo zake zinafanyaje kazi? Ana mimba, ananyonyesha? Dawa gani iliwahi kumvimbisha midomo? Na kwenye mkoba wake kuna vidonge gani alivyopewa na jirani?"

Halafu angewageuzia swali jingine. Hiyo dawa unampa ya nini? Kama huwezi kumwambia mwenyewe kwa maneno ya kawaida, akakuelewa, weka kalamu chini. Na itakoma lini? Maana dawa nyingi, alisema, zina mtu wa kuzianzisha lakini hazina mtu wa kuzisimamisha. Unamkuta mzee anameza kidonge cha kikohozi alichokohoa miaka minne iliyopita.

Kulikuwa na mjanja mmoja kila mwaka, hakosekani. "Mama, yote hayo kwa kila mgonjwa? Foleni ile huioni?"

"Naiona. Mimi ndiye niko mwisho wake. Wewe ukiharakisha huko mbele, wanakuja kulia kwangu huku nyuma."

Jambo alilolishika kuliko yote lilikuwa la mwisho kabisa. Mgonjwa hakuondoka dirishani mpaka aeleze upya namna atakavyotumia dawa. Kuitikia kwa kichwa hakukutosha. "Sema tena kwa mdomo wako," alimwambia, na mgonjwa alisema, hata awe profesa. Watu walilalamika, foleni ikaguna, yeye akangoja. Alikuwa na ubishi, tusimpambe. Lakini ulikuwa ubishi wa mtu anayejua kwamba makosa ya daktari, ya muuguzi na ya mfamasia yote yanaishia kwenye tumbo la mtu mmoja, na huyo mtu ndiye wa mwisho kuweza kuyazuia.

Miongoni mwa wagonjwa wake alikuwepo fundi cherehani mmoja mwenye ugonjwa wa viungo. Vidole vilianza kumpinda, ikafika mahali hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Miaka sita iliyopita alianzishiwa dawa kali ya viungo: vidonge vinne vidogo vya njano, mara moja tu kwa wiki, siku ya Jumatano. Pamoja nayo akapewa vitamini ya kumkinga na madhara ya ile dawa, nayo kidonge kidogo cha njano, kimoja kila siku isipokuwa Jumatano. Ukiviweka vyote kiganjani bila miwani huwezi kuvitofautisha.

Siku hiyo ya kwanza Mama Rudisha alimkalisha pembeni. "Fundi, hivi ni vya Jumatano. Vinne, basi, mpaka Jumatano nyingine. Ukivimeza kila siku, hata kimoja kimoja, uboho wa mifupa haupati nafasi ya kupumua. Mdomo utajaa vidonda, damu itapungua, homa ndogo tu itakuzidi nguvu. Utakufa, na mimi nitakufuata hukohuko kaburini nikusute. Mtu akikwambia tofauti na hivi, weka pembeni, uje kwangu."

"Hata daktari?"

"Hata awe nani."

Fundi alirudia maneno yale kama mtoto wa shule, akaenda zake. Vidole vikanyooka, si sana, lakini uzi ukaingia kwenye sindano.

Hakuna marefu yasiyo na ncha. Miaka thelathini na moja ikafika ukingoni, na kustaafu kwake kukapangwa siku ya Jumanne. Jumatatu, siku moja kabla, dirisha la dawa liligeuka kama mlango wa harusi. Wauguzi wanakuja kumkumbatia, wafagizi wanakuja kuaga, madaktari aliowatesa wanakuja kumtania. Katikati ya msongamano huo, fundi cherehani alipenyeza cheti chake cha mwezi.

Mama Rudisha alikipokea, akatabasamu. Aliujua mwandiko kabla hajasoma neno. Ulikuwa wa mwanafunzi mmoja wa kike aliyekuwa mazoezini kliniki, ambaye yeye mwenyewe alimbatiza jina la Mwandiko: herufi zimesimama wima, tarakimu zinasomeka kutoka mlangoni. Katika miaka yote hakuwahi kupata mwanafunzi makini kama yule. Alikuwa hajamrudishia cheti hata kimoja, na alikuwa akijivunia jambo hilo kama ni mwanawe wa kumzaa. Akahesabu vidonge, akaandika maelekezo juu ya pakiti kama cheti kilivyosema, akazipitisha dirishani. Palepale mtu mmoja mwenye simu akaita, "Mama, geuka huku tupige picha!" Akageuka. Aliporudisha uso, fundi alikuwa ameshapotea kwenye umati. Hakuwa amesema kitu kwa mdomo wake.

Saa kumi alasiri, alifanya kazi ambayo hakuna aliyemwagiza ila nafsi yake. Kila mgonjwa wa dawa kali alikuwa na ukurasa wake kwenye daftari, na kila jioni aliandika humo alichotoa siku hiyo. Akafungua ukurasa wa fundi cherehani. Juu aliandika mwenyewe, mwezi hadi mwezi: kumi na sita, kumi na sita, kumi na sita. Akavuta cheti cha leo kunakili idadi. Ishirini na nne.

Kalamu ilisimama. Akasoma cheti tena, safari hii akisoma maneno na kuacha uzuri wa herufi. Dawa ya viungo: kimoja kila siku isipokuwa Jumatano. Vitamini: vinne, Jumatano. Mistari miwili ilikuwa imebadilishana nafasi, imeandikwa vizuri hadi inatia uchungu.

Mama Rudisha alipiga simu ya fundi, ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena, vilevile. Kidonge kimoja cha ziada hakiui mtu, hilo alilijua. Lakini kesho yeye anaondoka, na fundi ana dawa ya wiki nne mfukoni, yenye maelekezo ya mkono wa Mama Rudisha mwenyewe, mtu ambaye fundi anamwamini kuliko daktari yeyote. Nani angemshtua? Aliwaza kwamba amemuua mtu kwa mkono uleule uliomponya, na machozi yakamtoka, mazito, akayafuta kwa ncha ya koti.

Akamwita Mwandiko. Msichana alikuja mbio, akaoneshwa karatasi na daftari.

"Nilikuwa nanakili kutoka kwenye faili lake," alisema polepole. "Kuna mtu akaniita. Niliporudi... Sikusoma tena, mama."

"Na mimi sikusoma hata hiyo mara moja. Nilitazama mwandiko."

"Watanifukuza chuo."

"Kulia utalia baadaye, nami nitakusindikiza. Sasa hivi kuna mtu ana dawa yangu nyumbani kwake. Viatu hivyo vinatembea, au ni vya kuoneshea watu?"

Kwenye ukurasa wa daftari palikuwa na maelekezo ya nyumba, kwa sababu Mama Rudisha hakuwahi kutoa dawa kali kwa mtu ambaye yeye hajui anakaa wapi. Nyuma ya soko, mlango wa kijani, sauti ya cherehani. Walitembea dakika ishirini na tano. Njiani mfamasia alimpita msichana wa miaka ishirini na mitatu kama amesimama, huku Mwandiko akiomba kimoyomoyo, na akijiuliza vilevile, Mungu amsamehe, kama kuna njia ya jambo hili kuishia mikononi mwao watatu.

Cherehani ilikuwa ikilia. Fundi alikuwa ameinama juu ya sketi ya shule, simu yake ikiwa imezama chini ya vitambaa. Alipowaona mlangoni hakushtuka. Alisimamisha gurudumu kwa kiganja, akatabasamu hadi masikioni.

"Nilijua utakuja! Haya, niambie. Nimefaulu?"

"Umefaulu nini, fundi?" Mama Rudisha alikuwa anahema.

"Si mtihani wako?" Akanyanyua mkasi mkubwa uliokuwa mezani. Chini yake zilikuwepo pakiti mbili za dawa, hazijafunguliwa. "Nimefika nyumbani nasoma, naona umenigeuzia kibao. Nikasema, mama huyu hana dogo! Anaondoka kesho, lazima anipime kama maneno yake nimeyashika. Uliniambia mtu akisema tofauti niweke pembeni. Nimeweka. Kesho asubuhi ningekuja kukuaga nikurudishie mwenyewe dirishani, na wewe siku moja uonje kurudishiwa."

Mama Rudisha alitafuta kiti kwa mkono, akakaa. Ingekuwa rahisi sana. Alihitaji kucheka tu, aseme ndiyo, fundi, umefaulu, na jambo likazikwa hapo, msichana akapona na yeye akaondoka kesho na sifa zake zote. Mwandiko alimtazama usoni, na alikiri baadaye kwamba kwa sekunde mbili alitamani aseme hivyo.

"Haukuwa mtihani," Mama Rudisha alisema. "Nimekosea, fundi. Cheti kilikuja kina kosa, nikakupa bila kukisoma na bila kukuuliza. Ungenitii ungekufa."

"Kosa la kwenye cheti ni langu," Mwandiko alisema. "Niliandika mimi. Naomba radhi, baba."

Tabasamu la fundi liliondoka taratibu. Alizitazama pakiti, akavitazama vidole vyake, akasukuma zile pakiti mbali kidogo na ukingo wa meza. Aliogopa, ilionekana.

"Miaka sita," alisema hatimaye, "umenisimamisha dirishani watu wananiguna nyuma, nirudie kama kasuku. Leo ni zamu yangu. Sema tena kwa mdomo wako."

Mama Rudisha alivua miwani. "Vidonge vinne. Jumatano. Mara moja kwa wiki. Vitamini, kimoja kila siku isipokuwa..." Sauti ikamkatika, akakohoa, "isipokuwa Jumatano."

"Na wewe, binti."

Mwandiko naye akasema, neno kwa neno.

"Na mtu akiniambia tofauti?"

"Weka pembeni," Mama Rudisha alisema. "Hata awe nani. Hata nikiwa mimi."

Waliondoka na zile pakiti, na kabla ya magharibi fundi aliletewa zilizo sahihi. Kisha Mama Rudisha akajaza fomu ya kuripoti makosa, fomu ambayo yeye ndiye aliyeipigania hadi hospitali ikaikubali, akaipenyeza chini ya mlango wa daktari mkuu. Sehemu ya aliyetoa dawa aliandika jina lake. Sehemu ya aliyeandika cheti alimpa Mwandiko kalamu, akageukia dirishani.

Jumanne asubuhi daktari mkuu hakupitia ofisini. Alienda moja kwa moja ukumbini, ambako viti vilikuwa vimepangwa, soda zimefunguliwa, na mume wa Mama Rudisha amekaa mstari wa mbele na shati lililopigwa pasi hadi linasimama lenyewe. Hotuba ilikuwa ya ukurasa mmoja. "Kwa miaka thelathini na moja," alisoma, "dirisha lile halikuwahi kutoa dawa yenye kosa." Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Mama Rudisha alisimama, akaenda mbele, akanyoosha mkono. "Daktari, naomba hiyo karatasi."

Alimpa, akidhani anataka kumbukumbu. Yeye akavaa miwani, akatoa kalamu nyekundu, akachora duara.

"Hotuba hii nairudisha. Ina kosa mstari wa pili."

Watu walicheka, wakidhani ni utani wa kuagana. Akangoja wamalize, kama alivyongoja foleni zote. Akatoa mfukoni cheti kilichokatwa jina la mgonjwa, akawaeleza jambo zima, bila kupunguza wala kutia chumvi: mwandiko aliouamini, picha aliyogeukia, swali ambalo hakuliuliza. "Mnasema kukosea si kosa, kosa ni kurudia kosa," alimalizia. "Mimi nasema kosa kubwa ni kulificha, maana mwenzako atakuja kulirudia bila kujua. Aliyetoa dawa ni mimi." Hakumtaja mtu mwingine.

Kule nyuma, kwenye viti vya wanafunzi, kiti kilisogea kwa kishindo. Mwandiko alikuwa amesimama, uso umemvimba kwa usiku wa kulia.

"Aliyeandika ni mimi," alisema.

Daktari mkuu alimtazama msichana, akamtazama yule mama. Huenda alikumbuka cheti alichorudishiwa mara saba, na mtoto wa yule mjamzito, ambaye sasa ni mtu mzima mahali fulani. Hakufoka. Aliomba kalamu, akainama mezani mbele ya watu wote, akafuta, akaandika, akanyanyuka na kusoma kwa sauti isiyo imara sana: "Kwa miaka thelathini na moja alituzuia tusiue watu. Jana alikosea, na ametuambia mwenyewe."

Akamkabidhi tena karatasi. Mama Rudisha aliisoma yote, kuanzia juu hadi chini, machozi yakimdondokea kwenye miwani, midomo ikitembea bila sauti. Akafika mwisho. Akakunja uso.

"Tarehe haipo," alisema.

Mstari wa mbele, fundi umeme aliangua kicheko kabla ya mtu mwingine yeyote. Daktari mkuu akachukua kalamu, akaweka tarehe.